Mbwa Asiye na Mwenyewe: Adui au Mlinzi?

Tuseme siku moja gazeti la mahali penu limeandika kwa herufi kubwa kwamba mbwa wenye kichaa wameingia katika skimu. Halikutaja kijiji, halikutaja siku, wala halikusema ni nani aliyempima mbwa hata mmoja. Habari hiyo inasomwa kwa sauti dukani, inafika sokoni, na jioni yake vijana wanachukua rungu na kuua kila mbwa wanayekutana naye njiani. Usiku watu wanalala wakidhani hatari imekwisha. Lakini katika mbwa waliouawa wamo waliokuwa wamechanjwa, na yule mgonjwa, kama kweli alikuwako, huenda amekwisha kuvuka mto na kwenda upande wa pili.

Mwezi huu twataka kuwaeleza wakulima kwamba mbwa asiye na mwenyewe si lazima awe adui. Akichukuliwa na mkulima mwenye busara, akafungwa, akachanjwa na kulishwa, huwa mlinzi wa shamba hilo na kinga kwa majirani wote. Lakini akichukuliwa ovyo aweza kuleta msiba nyumbani. Kadhalika tutaeleza jinsi ya kuipima habari ya mbwa iliyoandikwa gazetini, kwa maana habari mbaya huharibu kazi ambayo chanjo imeijenga.

WANATOKA WAPI?

Wengi wa mbwa hawa hawakuzaliwa porini. Mtu akiuza shamba, au jamaa ikihamia mjini, mara nyingi mbwa huachwa nyuma. Mbwa jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi, naye aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Watoto wasiotakiwa hutiwa katika gunia na kutupwa karibu na soko au kichinjio. Hapo hujifunza kula takataka, na baadaye kuiba mayai na kufukuza kondoo.

Wakati mashamba ya mpango wa Ekari Milioni yalipoanza kugawanywa mwaka 1962, katika sehemu kama Kinangop, Ol Kalou, Lugari na Sotik, nyumba zilikuwa mbali mbali. Leo mashamba mengi yamegawanywa tena kwa watoto na wajukuu, na boma zimekaribiana. Mbwa anayezurura usiku mmoja hupita katika nyua nyingi. Kwa hiyo mbwa wa jirani ni jambo lako pia, na mbwa asiye na mwenyewe ni jambo la watu wote.

FAIDA YA KUMCHUKUA

Mbwa mzima aliyeokotwa ana faida moja ambayo mtoto wa mbwa hana: tabia yake yaonekana. Waweza kujua kama ni mwoga au mkali, kama hupatana na watoto, na kama hubweka kwa sababu au hubweka bure. Mbwa wa kienyeji pia amezoea baridi, jua na chakula cha kwetu.

Kazi yake shambani yajulikana. Huamsha watu mwizi akija zizini, huwafukuza nyani na nungu katika mahindi, na huwazuia mbweha na vicheche wasifike kwenye kuku. Mbwa wa kubweka yatosha, hahitaji kuuma. Mkulima anayemfanya mbwa wake awe mkali kwa kumpiga na kumnyima chakula anajitengenezea kesi na gharama za hospitali.

Lakini faida kubwa zaidi ni hii: mbwa mwenye mtu wa kumshika aweza kuchanjwa. Siku ya chanjo afisa wa mifugo hawezi kukimbiza mbwa katika mashamba ya watu. Huwadunga sindano wale walioletwa kwa kamba. Kila mbwa aliyepata mwenyewe ni mbwa mmoja zaidi atakayefika penye sindano.

KICHAA CHA MBWA

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyepatikana karibu na Nairobi, nacho kingali kinaua watu. Huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia mwilini kwa kuumwa, au kwa kulambwa penye kidonda, husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu mpaka ubongo. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara hufa. Katika watu wanaopata ugonjwa huu duniani, 99 katika kila 100 huupata kwa mbwa, na watoto ni miongoni mwa wanaoumwa mara nyingi.

Si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia huku na huku akiuma. Wengine hunyamaza, hujificha gizani, taya hulegea, mate hutiririka na miguu ya nyuma hukosa nguvu. Mtazame mbwa aliyegeuka tabia: mpole aliyekuwa mkali ghafula, au mkali aliyekuwa mpole, anayeuma mawe na vijiti, ambaye sauti yake imebadilika, ambaye hawezi kumeza. Usimguse. Mjulishe chifu na afisa wa mifugo upesi.

Ng'ombe pia hupata ugonjwa huu akiumwa. Hudondosha mate na kulia kama aliyekwamwa na kitu kooni. Mkulima akitia mkono kinywani mwake ili kutafuta kiazi au gunzi, amejitia hatarini. Ukiona hivyo, usitie mkono, usinywe maziwa yake, wala usimchinje upate nyama. Mwite daktari wa mifugo.

KWA NINI KUUA MBWA HAKUTOSHI

Watu wengi husema, "Tuwaue wote tumalize." Jambo hili limejaribiwa katika nchi nyingi na halikumaliza kichaa. Mbwa wakiuawa, nafasi yao huchukuliwa na wengine kutoka sehemu za jirani, na watoto wanaozaliwa baadaye hawana kinga yoyote. Tena watu wanaopenda mbwa wao huwaficha au kuwapeleka mahali pengine, nao huenda wakaupeleka ugonjwa pamoja nao.

Kinachofaa ni kuchanja wengi kwa wakati mmoja. Shirika la Afya Duniani lashauri angalau mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Hapo virusi hukosa njia, kwa sababu mbwa mgonjwa hukutana zaidi na mbwa wenye kinga. Majirani zetu wa kisiwa cha Pemba wameonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Kampeni za kuchanja mbwa zilianza huko mwaka 2010, na kufika mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Mwaka 2016 uliingia tena kutoka nje ya kisiwa. Watu wa Pemba walirudia chanjo, na mwaka 2018 ukakomeshwa tena. Kenya nayo ina mpango wake, ulioanza mwaka 2014, wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufika mwaka 2030.

Sasa fikiri habari ya wale vijana wenye rungu. Kama skimu ilikuwa na mbwa 100, na 70 wamechanjwa, kisha 40 wakauawa bila kuchagua, wengi wa waliokufa walikuwa ndio ngao ya kijiji.

KUMLETA NYUMBANI

Ukitaka kumchukua mbwa asiye na mwenyewe, fuata mambo haya.

Kwanza, uliza majirani na msaidizi wa chifu kama kweli hana mwenyewe. Mbwa wa mtu aliyepotea si mbwa wa kuokotwa.

Pili, mtazame kwa mbali siku mbili tatu. Akiwa na majeraha mapya ya kuumwa, au anayumbayumba, au anadondosha mate, usimchukue. Mwite afisa wa mifugo.

Tatu, akiwa mzima, mvute kwa chakula, usimkimbize. Mfunge kamba laini shingoni, si waya. Usiwatume watoto kufanya kazi hii.

Nne, mpeleke achanjwe mara moja. Ofisi ya mifugo ya kaunti yaweza kukuambia ni lini na wapi, na wakati wa kampeni mara nyingi chanjo haina malipo. Itunze kadi yake pamoja na karatasi za shamba. Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na miezi 3, na baadaye kila mwaka.

Tano, mweke peke yake, mbali na watoto na mbwa wengine, kwa mwezi mmoja. Sababu ni mbili. Chanjo yahitaji majuma kadhaa ili kinga ijengeke mwilini. Tena mbwa aliyeumwa zamani aweza kuonekana mzima huku ugonjwa umo ndani. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya majuma 3 hadi 8, na mara nyingine baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo hata ukimfungua, endelea kumwangalia kwa makini mpaka miezi michache ipite.

Wale wasiotaka kuokota mbwa njiani waweza kumpata kwa chama kinachowatunza. Chama cha KSPCA, kilichoanzishwa mwaka 1910 na chenye makao yake Nairobi, huwapokea wanyama walioachwa na kuwatafutia watu wa kuwatunza. Kabla ya kukubali mbwa yeyote, uliza kama amechanjwa na kama amehasiwa, na uombe kuiona kadi.

KUHASI, MINYOO NA CHAKULA

Mwombe daktari wa mifugo amhasi dume na amfunge kizazi jike. Mbwa aliyehasiwa hazururi sana kutafuta majike, na jike aliyefungwa kizazi hakuletei watoto ambao mwishowe watatupwa sokoni. Usipofanya hivi, umeokoa mbwa mmoja na kuongeza kumi.

Minyoo ni jambo ambalo wafugaji wa kondoo wasilipuuze. Aina moja ya tegu wa mbwa hufanya vifuko vya maji katika ini na mapafu ya ng'ombe, kondoo na mbuzi, na ya watu pia. Aina nyingine huingia katika ubongo wa kondoo na kumfanya azunguke mahali pamoja mpaka aanguke. Mbwa hupata tegu hawa kwa kula viungo vibichi vyenye vifuko hivyo, kisha hutapanya mayai yao kwa kinyesi. Basi usimtupie mbwa ini, mapafu au kichwa kibichi cha mnyama aliyechinjwa nyumbani. Vizike au vichome. Penye mifugo mingi, dawa ya prazikwanteli hupewa mbwa kila baada ya majuma 6. Uliza ofisi ya mifugo kuhusu kipimo. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kucheza na mbwa na kabla ya kula.

Kupe na viroboto nao waondolewe, lakini usimwogeshe mbwa kwa dawa ya josho la ng'ombe kwa kukisia. Dawa kali isiyopimwa humwua.

Chakula si cha gharama kubwa. Ugali uliochanganywa na maziwa ya mgando, au na omena, au na mabaki ya nyama iliyochemshwa, wamtosha mbwa akipewa asubuhi na jioni, pamoja na maji safi. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, maana huvunjika ikawa kama sindano. Wala usimpe unga wa mahindi yaliyoota ukungu ukidhani mbwa hadhuriki. Sumu ya ukungu huo iitwayo aflatoksini huharibu ini lake, na mahindi hayo hayafai kwa mtu wala kwa mnyama.

KUMZOEZA KAZI

Katika majuma ya kwanza mtembeze kwa kamba kila asubuhi kati ya kuku na ndama. Akiwatazama kwa utulivu, mpe kipande cha chakula. Akiwarukia, mvute na umwambie neno moja tu, lile lile kila siku. Usimpige saa nyingi baada ya kosa, kwa kuwa hajui apigiwa nini. Mchana apate kivuli na mnyororo mrefu, na usiku awe huru ndani ya ua uliofungwa. Mbwa afungwaye mchana na usiku kwa kamba fupi huwa mkali kwa kila mtu, hata kwa mwenye nyumba. Kumtesa mnyama ni kosa mbele ya sheria za Kenya.

MBWA AKIMWUMA MTU

Lifuatalo yafaa kila mtu wa nyumbani alijue kwa moyo.

Osheni jeraha mara hiyo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Msitie pilipili, majivu, mafuta wala dawa ya majani. Mpelekeni mgonjwa hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo kama mkwaruzo. Ataanza sindano za kinga siku hiyo, naye sharti azimalize zote kwa siku atakazoandikiwa, hata akijiona mzima. Majeraha yaliyopenya ngozi huhitaji dawa nyingine inayopigwa kwenye jeraha na kando yake. Msingojee dalili, maana zikija dawa haifai tena.

Mbwa aliyeuma, kama aweza kufungwa bila hatari, asiuawe. Afungwe na aangaliwe na afisa wa mifugo kwa siku 10. Akiwa hai na mzima siku hizo zikiisha, mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma, naye daktari atajua la kufanya kuhusu sindano zilizobaki. Lakini msingojee siku 10 ndipo mgonjwa aende hospitali. Akifa mbwa, asiguswe kwa mikono mitupu, wala asitupwe. Afisa wa mifugo atachukua kichwa kipimwe katika maabara.

GAZETI LIPI NI LA KUAMINIWA?

Sasa turudi kwa lile gazeti la mwanzo. Ubora wa gazeti la mahali hauko katika ukubwa wa herufi wala picha za kutisha. Uko katika kumwezesha msomaji kufanya jambo lililo sawa asubuhi inayofuata. Habari ya kichaa cha mbwa ikiandikwa, itazame kama yajibu maswali haya matano:

1. Ni wapi hasa? Kijiji na kata, si "katika kaunti" tu.
2. Ni lini? Tarehe mbwa alipoonekana na tarehe mtu alipoumwa.
3. Ni nani aliyethibitisha? Kichaa huthibitishwa kwa kupima ubongo wa mnyama katika maabara. Kama mbwa hakupimwa, gazeti na liseme "anashukiwa".
4. Walioumwa waende wapi? Hospitali gani iliyo na dawa leo.
5. Chanjo ya mbwa itatolewa siku gani, saa ngapi na mahali gani?

Gazeti linalojibu maswali hayo ni mali ya kijiji hata likiwa na kurasa nne tu. Gazeti zuri pia hukiri kosa na kulisahihisha katika toleo linalofuata. Lile linalosema "watu wanasema" kutoka mwanzo mpaka mwisho ni sokoni palepale, ila limechapwa.

Pima vivyo hivyo tangazo la mbwa anayetafutiwa mtu wa kumchukua. Maneno "mbwa mzuri sana, mkali sana" hayakuambii kitu. Tangazo la kweli hutaja umri wake, kama ni dume au jike, tarehe ya chanjo, kama amehasiwa, amewahi kukaa na kuku au watoto, na kwa nini mwenyewe amwacha. Likificha mojawapo, uliza kabla ya kufunga safari.

Nanyi wakulima mwaweza kulifanya gazeti lenu liwe bora. Mkiona mbwa mgonjwa au mtu akiumwa, mjulisheni kwanza afisa wa mifugo na hospitali, kisha mpelekeeni mwandishi mahali, siku na saa, si uvumi. Na siku ya chanjo ikitangazwa gazetini, mtu mmoja aisome kwa sauti katika baraza na katika mkutano wa chama cha ushirika, ili na wale wasionunua gazeti waisikie.

Basi mkulima, ukimwona mbwa amelala kando ya njia ya shamba lako, usikimbilie rungu wala usimwite nyumbani bila kufikiri. Mtazame, uliza habari zake, tafuta kamba, na uulize siku ya chanjo. Skimu ambayo kila mbwa ana mtu wa kumwita kwa jina na kadi ya sindano ndani ya nyumba, hiyo ndiyo ambayo watoto wake watakwenda shuleni asubuhi bila hofu.